Sura ya Tano: Kashe za Noeli na Bonane

Bunia, karatasi isiyopigwa kashe, yaani muhuri, haina nguvu. Cheti cha shule, barua ya shefu wa mtaa, risiti ya kodi, karatasi ya kutoka hospitali: vyote vinangoja lile duara la wino. Mtoto wa mtaa wa Mudzipela au wa Nyakasanza anaifahamu kashe kabla hajajua kusoma, maana ameona mzazi wake akiipangia foleni, na ameona uso wa mzazi ukikunjuka inapogonga. Anaifahamu kama chombo cha wakubwa. Nataka tuitoe kwenye meza ya wakubwa, tuiweke mikononi mwa mama, mwalimu na mtoto, majuma matatu kabla ya Noeli, ichape nyota, okapi na salamu za Bonane, yaani Mwaka Mpya.

Kadi zinazoletwa madukani kila Desemba zina theluji, misonobari na gari la kukokotwa na wanyama wa nchi za baridi. Wanaozinunua wananunua kwa upendo, na sina neno nao. Lakini Bunia iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,300, na Desemba kwetu ndiyo mwezi mvua zinapopungua na vumbi jekundu likaanza kupanda barabarani. Inanisikitisha kuona mtoto wa Ituri akipewa rangi na karatasi achore Noeli, naye akachora nyumba yenye theluji juu ya paa.

Wengine hudhani theluji ni sharti, kwamba kadi ya Noeli ilizaliwa nayo. Haikuzaliwa nayo. Kadi ya kwanza ya Noeli iliyochapishwa kwa biashara ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole, mtumishi wa serikali, alikuwa na barua nyingi za salamu za kujibu kuliko muda aliokuwa nao, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kitu kimoja cha kuwapelekea wote. Zikapigwa nakala zipatazo 1,000. Katikati Horsley alichora ukoo mzima mezani, wakubwa kwa wadogo, wakiinua vinywaji. Upande mmoja maskini wanalishwa, upande wa pili wanavishwa nguo. Alichora watu wa mji wake na chakula cha mji wake. Tukimfuata kwa hilo, kadi ya Bunia itakuwa na sufuria ya sombe, kuku, watoto waliovaa nguo mpya, na wanakwaya waliokesha.

Kashe nayo ina historia yake, kwa kuwa hutengenezwa kwa mpira. Mwaka uliofuata kadi hiyo, 1844, Mmarekani Charles Goodyear alipewa hataza ya kupika mpira pamoja na salfa. Kabla ya hapo mpira ulilainika na kunata kwenye joto, ukakakamaa kwenye baridi, kwa hiyo haukufaa kwa kitu cha kudumu. Ukishapikwa na salfa unashika umbo lake. Kufikia miaka ya 1860 mafundi wa Marekani walikuwa wakiubana mpira kwenye kalibu zenye herufi, wanaupika humohumo, na muhuri unatoka tayari. Kashe ya shefu wa mtaa ilianzia hapo.

Na hapohapo yalianzia maumivu yetu. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888, dunia ikaanza kuutaka mpira kwa pupa, na Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II ilikuwa na misitu yenye mibungo, mimea ya kutambaa juu ya miti ambayo utomvu wake hutoa mpira. Wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kuugema. Wake zao walishikwa rehani mpaka mzigo utimie. Walioshindwa kutimiza walipigwa, waliuawa, na wengi walikatwa mikono. Picha alizopiga mmisionari Alice Seeley Harris zilisaidia kuifanya dunia iamini yaliyokuwa yakitendeka, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi, ikawa koloni la Ubelgiji. Hata hivyo, katika Vita vya Pili vya Dunia wakoloni waliwarudisha tena watu msituni kutafuta mpira wa mwitu. Nayasema haya katika sura ya mapambo ya sikukuu kwa sababu siwezi kumwekea mtoto wa Kongo kipande cha mpira mkononi nikajifanya hakina habari. Tyubu za magari na pikipiki tutakazozikata leo nyingi ni za mpira wa kiwandani, wala hazikugemwa msituni kwa mijeledi. Ni vizuri mtoto ajue hivyo, na ajue pia kilichotangulia, kisha akate nyota yake.

Mpira wa kuanzia hauna bei. Mji wetu unatembea kwa pikipiki, na kila motari ana tyubu iliyozibwa na kuzibwa mpaka imekataa. Ukiweza kupata ya lori, chukua hiyo, maana ni nene, na unene ndio unaoizuia mbao itakayogundishwa nyuma yake isiguse karatasi. Ya pikipiki ni nyembamba. Gundisha vipande viwili, kimoja juu ya kingine. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kioshe kwa sabuni, kisha kisugue kwa msasa mpaka ule mng'ao uishe. Usiruke hatua hii. Tyubu hutoka kiwandani na utelezi wake, na wino ukikuta utelezi unajikusanya matone matone, picha inatoka na madoa.

Sasa picha. Kila kitu kwenye muhuri hutoka kimegeuka, kushoto kuwa kulia. Nyota haijali, lakini neno «Noeli» linajali sana, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Dawa yake ni karatasi nyepesi na chaki. Andika neno kwa kalamu nyeusi. Paka chaki upande uleule ulioandika, kisha laza karatasi juu ya mpira, maandishi yakiangalia chini. Kwa mgongoni utayaona yamepinduka. Yafuate kwa ncha ya kalamu ya bic, ukikandamiza. Ukiondoa karatasi, chaki imebaki juu ya mpira mweusi, na maandishi yapo tayari kinyume. Kata herufi mojamoja kwa mkasi mdogo. Herufi nono zinakatika vizuri. Zile nyembamba zenye mikia ziache kwa kalamu.

Kinachobaki ni kugundisha. Gundi ya mafundi viatu inafaa kabisa: paka mpira, paka mbao, ngoja zikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo uvikutanishe. Ukivikutanisha mapema vinateleza. Mbao omba kwa seremala. Bunia inapokea mbao nyingi kutoka upande wa Komanda na Mambasa, na chini ya kila meza ya seremala kuna vipande vidogo vya mbao ngumu ambavyo vitaishia jikoni. Chagua kilichonyooka. Juu yake, upande wa kushika, chora alama kuonyesha kichwa cha picha kiko wapi, la sivyo nusu ya okapi zako zitakwenda miguu juu.

Nimemtaja okapi mara kadhaa, na nitamtetea. Hakuna mnyama mwingine wa kukaa kwenye kadi zetu za Noeli wakati okapi yupo. Ni wa misitu ya Kongo peke yake. Wanasayansi wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu, ingawa Wambuti, watu wa msitu wa Ituri, walikuwa wakimjua tangu zamani. Hifadhi yake, yenye makao Epulu katika eneo la Mambasa, iliundwa mwaka 1992, ikaandikwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka mmoja baadaye ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita. Kwa mkata mihuri, okapi ni zawadi, maana ile milia yake myeupe ya mapajani haichorwi, inaachwa. Kata mwili mzima kwa kipande kimoja hadi kiunoni. Kwa mapaja kata vipande vyembamba vya mpira na uvigundishe kwa kuviachia nafasi kati yao. Nafasi hizo ndizo milia. Masikio yafanye makubwa kuliko unavyodhani yanapaswa kuwa, maana masikio madogo humgeuza okapi punda.

Mwenye watoto wadogo asiwape mkasi na tyubu. Awape kandambili iliyokatika mkanda. Soli yake laini inakatika kwa wembe, na wembe ashike mkubwa. Tena kandambili nyingi zina sifa ambayo tyubu haina: zikipata joto zinalegea juu, zikipoa zinashika chapa. Pasha pasi ya makaa, isogeze karibu na soli bila kuigusa mpaka uso wa soli uanze kung'aa, kisha haraka ukandamize soli juu ya kitu chenye umbo: ukindu wa kikapu, jani lenye mishipa migumu, kifuniko cha chupa, punje za mahindi zilizopangwa. Shikilia mpaka upoe. Ukiinua, umbo limeingia, na sasa una muhuri wa ukindu wa kufunika karatasi nzima. Fanyia nje ya nyumba, na ikianza kutoa moshi umeshapitiliza.

Kuna muhuri mwingine ambao Mungu ameshaukata. Chukua dongodongo, yaani bamia, iliyokomaa kidogo, ile ambayo mama ameikataa kwa mboga, ikate kwa kukingama, iache ikauke nusu saa, kisha igongeshe kwenye wino. Inatoka nyota yenye pembe tano na tundu ndogo za mbegu ndani. Ni nyota ya Bethlehemu isiyohitaji fundi, na mtoto wa miaka mitatu anaiweza. Dongodongo moja inatoa nyota za ukubwa mbalimbali, kubwa katikati na ndogo kuelekea ncha. Kikonyo cha jani la mgomba kikikatwa vivyo hivyo kinatoa hilali yenye vyumba vyumba ndani. Majirani zetu Waislamu wa Bunia wanaweza kukitumia kwa kadi za Idi. Viazi navyo vinakatika kwa kisu kidogo, lakini havilali: kesho yake vimenywea.

Kuhusu wino nina msimamo. Ule wa ofisini, wa buluu na wa zambarau, unafaa kwa karatasi nzuri, lakini kwenye karatasi ya daftari unavuja na kutokea upande wa pili. Mweusi unaweza kuutengeneza mwenyewe. Chemsha kikombe cha maji na kijiko kimoja cha unga wa muhogo mpaka uwe uji mwepesi unaong'aa. Saga makaa, yachekeche kwa kitambaa mara mbili, changanya. Mchanganyiko ukae kwenye sponji ya godoro iliyokatwa na kuwekwa ndani ya kifuniko cha mkebe. Kahawa nzito iliyochemshwa mpaka kupungua inatoa kahawia nzuri ya mwili wa okapi ukiichanganya na uji huohuo. Usijaribu kuchanganya makaa na mawese. Rangi yake inavutia siku ya kwanza, lakini mawese hayakauki: kila kadi itazungukwa na doa la mafuta, na doa litahamia kwenye bahasha, na kutoka kwenye bahasha kwenye nguo ya anayeibeba.

Kugonga nako kuna adabu yake. Weka gazeti lililokunjwa chini ya karatasi, kwa sababu meza ngumu huacha mapengo katikati ya picha. Gusisha muhuri kwenye sponji mara mbili tatu kwa wepesi badala ya kuuzamisha mara moja. Shuka wima, kandamiza kwa kiganja chote, inuka wima. Anayebembeleza muhuri kushoto na kulia, kama tunavyoona makarani wakifanya, anapata kingo mbili. Kisha kadi zianikwe ndani ya nyumba kwenye kamba. Jua la Desemba linakausha haraka, lakini lori moja likipita, vumbi lote la barabara linalala juu ya wino mbichi.

Swali linalobaki ni nini cha kuchapa, na hapa ningependa tuwasikilize wanawake wa msituni. Wambuti wa Ituri wana nguo ya gome inayoitwa pongo. Wanaume hulitwanga gome la miti ya jamii ya mkuyu mpaka lilegee. Wanawake ndio wanaolipaka, kwa kidole na kijiti, wakitumia maji ya tunda la gardenia na makaa. Mistari yao inaanza, inakatika, inarukia pembeni, inakutana na vitone, inaachwa wazi pale ambapo jicho lilitegemea kitu. Mwaka 1995 Georges Meurant na Robert Farris Thompson walitoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo, na watu wa mbali huitundika ukutani kwa heshima. Hapa Bunia, mji mkuu wa mkoa wenye msitu huo, watoto wengi hawajawahi kuiona. Kata mihuri midogo minne: mstari, upinde, pembetatu ya vitone, na wavu mdogo. Igonge bila kupima kwa rula, ukiacha nafasi. Usiige mchoro wa mtu mstari kwa mstari, na usiuze kazi yako kwa jina la pongo. Nyuma ya kadi andika kwamba umejifunza kwa wanawake wa Kimbuti. Wameporwa mengi, na kutajwa ni deni dogo tunaloweza kulilipa.

Mistari hiyo inapendeza zaidi kwenye karatasi ya kufungia zawadi kuliko kwenye kadi. Karatasi yenyewe ipo: mfuko wa simenti una tabaka kadhaa za karatasi ya kaki, na zile za kati hubaki safi. Ufungue nje, ujifunge kitambaa puani, ukung'ute, ufute kwa kitambaa kibichi, upige pasi. Zawadi iliyofungwa kwa kaki yenye mistari myeusi, ikafungwa kwa kamba ya mkonge, haihitaji utepe wa dukani.

Kwenye kitambaa tunafuata njia ya wenzetu wa pwani. Katika karne ya 19 kanga za kwanza za Zanzibar na Mombasa zilichapwa kwa mkono, kwa mihuri ya mbao, kabla viwanda vya ng'ambo havijaichukua kazi hiyo. Kwaya yenye kitambaa cheupe inaweza kujichapia pindo la nyota kwa jioni moja, kila mwimbaji akichapa lake. Uji wa muhogo haufai hapa, utatoka kwenye maji ya kwanza. Nunua rangi ya vitambaa, na ikishakauka piga pasi upande wa nyuma ili ishike. Kitambaa cha meza, pazia la pango la Noeli kanisani, leso ya kumpa bibi: vyote ni pindo lilelile.

Kwa Bonane mimi napenda kitu kidogo kuliko kadi. Asubuhi ya tarehe 1 Januari watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakipaza «Bonane!» na kungoja pipi au faranga. Andaa vikaratasi vya ukubwa wa kidole gumba, kila kimoja kina okapi na mwaka mpya, uvifunge na ile pipi. Pipi itaisha kabla ya lango linalofuata. Kikaratasi nimeona kikikaa ndani ya daftari la shule mpaka Pasaka.

Onyo moja, nalo ni zito. Kughushi kashe ya serikali ni kosa la jinai nchini, na usijaribu kuichonga hata kwa kumfurahisha mtoto. Kwa hiyo kichwa cha chui chenye pembe ya ndovu na mkuki, nembo ya Jamhuri, kisiguswe. Usichonge jina la ofisi, la shule wala la parokia ndani ya duara. Hata muhuri wa mchezo ni bora uwe mraba, au ufuate umbo la picha yenyewe, ili mtu yeyote akiuona kwa mbali ajue hautoi amri. Mwalimu awaeleze watoto jambo hili kabla hawajashika mkasi, na awaeleze kwa nini: katika nchi ambayo karatasi ya bandia imewahi kumnyang'anya mtu shamba au nyumba, duara la wino ni kitu cha kuheshimu.

Wanaotaka kuuza waanze mapema Novemba, na wauze seti ya kadi tano au kumi, kwa maana kadi moja moja haimrudishii mtu jasho lake. Wapelekee wanakwaya na vikundi vya akina mama makanisani kabla ya kwenda sokoni. Mnunuzi wa kadi ya mkono anapenda kumjua aliyeitengeneza, kwa hiyo sahihi yako nyuma ya kadi ni sehemu ya bei.

Ninyi walimu, shule zinapokaribia kufunga kwa Noeli kuna kipindi cha kazi za mikono ambacho mara nyingi hupita bure. Kila mtoto aje na kandambili mbovu moja na dongodongo moja. Achape kadi mbili. Ya kwanza aende nayo nyumbani. Ya pili ipelekwe Kigonze, pembeni ya mji wetu, wanakoishi kwenye mahema watu waliokimbia mauaji katika eneo la Djugu. Mkienda, msipeleke kadi peke yake. Chukueni mihuri yenyewe, sponji na wino, muwaachie watoto wa kule, nao wachape za kwao na kuwapelekea wanaowapenda.